Unene wa Tairi la Baisikeli na Umri Wake

(Maneno ya hotuba kwa watumiao baisikeli)



Jambo ninalotaka kuzungumza nanyi leo ni dogo kwa kulitazama. Halizidi unene wa sarafu mbili zilizobebana. Ni unene wa mpira ule unaokanyaga ardhi katika tairi la baisikeli. Lakini mtu aendaye kazini kwa baisikeli, au achukuaye maziwa, mboga, maji au abiria, riziki yake ya kila siku hupita juu ya mpira huo mwembamba. Ukiisha naye hana habari, atapata habari njiani. Na pengine itakuwa katika mteremko, mzigo ukiwa nyuma, au mtoto wake amekaa juu ya keria. Kwa sababu hiyo yafaa tujue mpira huo umefanywa kwa nini, huliwa na nini, na mtu atajuaje kwamba siku zake zimekwisha.

Kwanza nitasema machache juu ya asili yake. Baisikeli za zamani zilikuwa na magurudumu ya mbao yenye pete ya chuma, na baadaye yenye mpira mgumu usio na hewa ndani, nazo zilimtikisa mwendeshaji hata mifupa ikamwuma. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba utomvu wa mpira ukichanganywa na kiberiti na kupashwa moto, hauyeyuki tena wakati wa joto wala kuwa mgumu kama mti wakati wa baridi. Mwaka 1845 Robert William Thomson wa Scotland alipata hati ya serikali ya Uingereza kwa gurudumu lenye hewa, ila watu hawakulijali. Ndipo mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama aliyekaa Belfast, akapata hati yake, baada ya kutengeneza magurudumu ya hewa kwa ajili ya baisikeli ndogo ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Tangu hapo ulimwengu wote ukaanza kwenda juu ya hewa.

Matairi ya kwanza hayakuwa meusi. Rangi yao ilikuwa nyeupe au ya kijivu, nayo yaliisha upesi. Katika miaka ya 1910 watengenezaji walifahamu kwamba masizi laini sana yakichanganywa na mpira, mpira hupata nguvu nyingi ya kustahimili kusuguliwa, na tairi huishi mara nyingi zaidi kuliko kwanza. Basi ule weusi mnaouona katika tairi haukuwekwa kwa ajili ya kuficha uchafu. Ni dawa ya maisha yake.

Sasa tulifungue tairi lenyewe. Ndani kabisa mna nyuzi, ambazo zamani zilikuwa za pamba na siku hizi kwa kawaida ni za nailoni. Nyuzi hizo zimelazwa mshazari, tabaka juu ya tabaka, tabaka moja ikielekea kulia na nyingine kushoto. Kazi yao ni kuishika hewa isitanue mpira wa ndani hata ukapasuka. Katika kingo mbili za tairi mna waya, nazo hulizuia lisitoke katika rimu. Na juu ya nyuzi, upande wa nje, umewekwa mpira mnene ambao nitauita unyayo wa tairi, kwa kuwa ndio unaokanyaga ardhi. Kumbukeni sana jambo hili: nguvu ya tairi imo katika nyuzi, na unyayo ni kiatu cha nyuzi hizo. Kiatu kikiisha, mguu ndio utakaokanyaga mawe.

Katika matairi mengi ya baisikeli ya kazi, unyayo ukiwa mpya huwa na unene wa milimita 3 hivi juu ya nyuzi. Ya mashindano huwa na kiasi cha milimita moja au mbili tu, maana mshindani hutaka wepesi, wala hajali kununua tairi jingine mapema. Na yako mengine yaliyoongezwa utando mnene chini ya unyayo ili kuzuia miiba.

Pengine mtu atauliza, milimita 3 zaweza kufika wapi? Tufanye hesabu. Baisikeli kubwa ya kawaida, ile ambayo wengi huiita Black Mamba, ina tairi la inchi 28 kwa inchi moja na nusu. Tairi hilo likizunguka mara moja huenda mita mbili na robo, ikipungua kidogo. Katika kilomita moja huzunguka kama mara 445. Likienda kilomita 4,000, kila mahali pa unyayo pamekwisha kuikanyaga ardhi zaidi ya mara milioni moja na laki saba. Tuseme katika safari hiyo yote limepungua milimita 2. Maana yake ni kwamba kila hatua limeacha ardhini kiasi cha sehemu moja katika milioni ya milimita. Hakuna jicho liwezalo kuona upungufu huo, wala mkono uwezao kuuhisi. Wazee walisema, bandu bandu huisha gogo. Nami naona tairi laweza kuwa shahidi mwema wa maneno hayo.

Je, kilomita 4,000 ni nyingi au chache? Kampuni ya Schwalbe ya Ujerumani hueleza kwamba matairi yake ya kawaida huenda kilomita 2,000 hadi 5,000, na yale yaliyotengenezwa kwa safari ndefu huenda kilomita 6,000 hadi 12,000. Mtu aendaye kilomita 30 kwa siku, siku 6 kwa juma, huenda kilomita 180 kila juma. Tairi la kilomita 4,000 litamchukua majuma 22, yaani miezi mitano hivi. Lakini jirani yake aweza kununua tairi lile lile, katika duka lile lile, siku ile ile, likamwisha kwa miezi miwili. Kwa nini? Hapa ndipo penye shina la maneno yangu.

Msiudhani unene kuwa ndio kila kitu. Kuna mpira mgumu na mpira laini. Mpira laini hushika barabara vizuri wakati wa mvua, lakini husagika upesi. Mpira mgumu hudumu, ila waweza kuteleza juu ya lami iliyolowa. Matairi mawili yenye milimita 3 sawasawa yaweza kupitana mno kwa umri kwa sababu ya mchanganyiko tu. Tena msidanganywe na meno marefu. Tairi lenye meno marefu yaliyoachana huonekana nene sana dukani, kumbe kati ya jino na jino hamna mpira wa kutosha. Linafaa katika matope na njia za shambani, ambako meno huuma udongo. Likipelekwa juu ya lami, uzito wote hukaa juu ya vichwa vya meno machache, nayo hupinda na kusuguliwa kila yanapokanyaga, hata yakaisha kabla ya wakati. Kwa barabara ya lami chagueni tairi lenye mstari mzima wa mpira katikati.

Wako wanaoogopa kwamba tairi lisilo na meno litateleza juu ya maji kama lifanyavyo gari. Hofu hiyo si ya haki. Tairi la gari ni pana, nalo huenda kasi, hivyo maji hukosa njia ya kutokea, gari likaelea. Tairi la baisikeli ni jembamba na la mviringo, na hewa yake ina nguvu, kwa hiyo hupasua maji lenyewe. Sehemu inayogusa ardhi kwa wakati mmoja haizidi alama ya vidole gumba viwili. Ni kweli kwamba lami yenye maji huteleza, na matope huteleza zaidi; lakini juu ya lami si michoro ya tairi itakayokuokoa, bali mwendo wa taratibu na breki njema. Hatari ya tairi lililokwisha ni nyingine: nyuzi zake zimebaki uchi.

Sasa nitawataja adui wa unyayo mmoja mmoja.

Adui wa kwanza ni uzito, na hasa uzito wa nyuma. Tuseme mwendeshaji ana kilo 65, na baisikeli yake kilo 20. Jumla ni kilo 85, na katika hizo kama kilo 51 hulemea gurudumu la nyuma, na 34 la mbele. Akipakia abiria wa kilo 60 juu ya keria, karibu uzito wote huo huangukia nyuma. Tairi la nyuma sasa limebeba zaidi ya mara tatu ya lile la mbele, na juu ya hayo ndilo linalosukuma ardhi kila mguu unapokanyaga pedali. Watu wa Busia, mahali ambapo kazi ya kuchukua abiria kwa baisikeli ilianzia mpakani katika miaka ya 1960, na ambako jina la boda boda lilizaliwa, waliyajua mambo haya kwa mifuko yao kabla ya kuelezwa na mtu yeyote. Tairi la nyuma huisha kwanza, siku zote.

Adui wa pili ni upungufu wa hewa. Tairi lenye hewa kidogo hulala, mbavu zake hupinda katika kila mzunguko, na nyuzi hukatika polepole kama waya unaopindwa huku na huku. Likigonga jiwe, rimu huubana mpira wa ndani na kuutoboa matundu mawili yaliyo kando kando, mfano wa meno ya nyoka. Yule mwenye tairi legevu hudhani anaihurumia baisikeli, kumbe anaila. Kiasi cha hewa kimeandikwa ubavuni mwa tairi, karibu na herufi PSI. Usiyapite maandishi hayo kwa kuzidisha, maana tairi laweza kuruka katika rimu na kupasuka. Asiye na kipimo na atazame hivi: tairi la unene wa milimita 38, mwendeshaji akiwa amekaa juu pamoja na mzigo wake, lizame kama milimita 6 na lisizidi. Na kwa kuwa mpira wa ndani hupoteza hewa kidogo kidogo hata usipotoboka, pampu na itumike kila juma.

Adui wa tatu ni breki za ghafula. Mtu akifunga gurudumu la nyuma likaburuzika, mahali pamoja pa tairi husagwa kwa dakika chache kuliko lingesagika kwa safari ya siku nyingi. Huota kipara mahali pale, na kipara hicho ndicho kitakachotoboka kwanza, ijapokuwa pengine pote pana meno mazuri. Vijana wanaopenda kuburuza tairi ili kuwashangaza wenzao wanachoma fedha za baba zao.

Adui wa nne ni jua na mafuta. Jua na hewa hukausha mpira, mbavu zikapasuka nyufa ndogo ndogo kama udongo wa kiangazi, hata kama unyayo bado ni mnene. Mafuta ya taa, petroli na mafuta ya mnyororo huulainisha mpira na kuuharibu. Basi iwekeni baisikeli kivulini, na wakati wa kutia mafuta mnyororo, futeni yale yanayodondoka. Baisikeli isiyotumika isisimame juu ya matairi yasiyo na hewa; afadhali itundikwe.

Adui wa tano ni gurudumu lililopinda. Likiyumba, mpira wa breki huweza kusugua ubavu wa tairi, na ubavu hauna unyayo wa kuukinga. Fundi akaze spoki mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Baada ya adui hao, tusemeni juu ya kupima. Tairi jipya huwa na mstari mdogo wa kiwandani katikati ya unyayo, na pengine vinyweleo vya mpira. Hivyo huondoka siku za kwanza, wala si dalili mbaya. Dalili ya kweli ni umbo. Tairi jipya ni la mviringo. Likiwa linakwisha, mgongo wake huwa bapa kama ukanda. Baadhi ya matairi yana vitundu viwili vidogo vilivyotobolewa katika unyayo kwa makusudi. Vitundu vikitoweka, tairi limekwisha. Na fundi mwenye kipimo cha milimita aweza kulitoa tairi katika rimu, akapima unene wake katikati likiwa jipya, akauandika, kisha akapima tena baada ya miezi michache. Ikiwa katika kilomita 1,000 limepungua nusu milimita, na limebakiwa na milimita moja, basi lina kilomita 2,000 mbele yake. Lakini mwenye busara atalibadili kabla ya hizo kutimia.

Msingoje kuona nyuzi. Ukiziona nyuzi mahali popote, au tairi likivimba kama jipu, au ukapata matundu mawili matatu katika juma moja bila ya kuzidi miiba njiani, tairi hilo halina kazi tena barabarani. Wengine hushona mpasuko kwa uzi, au huweka kipande cha tairi kukuu kwa ndani. Shauri hilo lafaa kwa kukufikisha nyumbani polepole, halifai kwa safari ya kesho.

Hapa kuna desturi moja ambayo lazima niipinge. Tairi la nyuma likiwa limekwisha, watu wengi hulihamishia mbele, kwa kusema kwamba mbele hakuna uzito. Desturi hiyo ni ya hatari. Tairi la nyuma likipasuka, baisikeli huyumba, lakini mwendeshaji huweza kuishika. Tairi la mbele likipasuka, usukani haumtii tena, naye huanguka kwa kichwa. Kwa hiyo mpango mwema ni huu: tairi jipya litiwe mbele, lile la mbele ambalo bado ni zuri lihamishiwe nyuma, na lile la nyuma lililokwisha litolewe kabisa. Kwa njia hiyo hakuna kitakachopotea, na mbele patakuwa na tairi lenye nguvu siku zote.

Mtakapokwenda dukani, angalieni na namba. Jina la inchi 28 peke yake halitoshi, kwa maana liko tairi la inchi 28 la kimo kingine. Tazameni namba za kimataifa ubavuni. Tairi la Black Mamba huandikwa 40-635. Namba 635 ni milimita za upana wa duara pale tairi linapokaa katika rimu. Tairi lenye 622, ingawa nalo huitwa 28, halitaingia, na mwenye kulilazimisha atakata waya wake.

Mwisho nitasema juu ya fedha. Tuseme, kwa mfano tu, kuna tairi la shilingi 600 liendalo kilomita 3,000, na jingine la shilingi 900 liendalo kilomita 6,000. La kwanza hugharimu senti 20 kila kilomita, la pili senti 15. Lile lililoonekana rahisi ndilo ghali. Tena hatujahesabu viraka, gundi, na asubuhi iliyopotea kando ya njia huku maziwa yakichacha juani. Ni kweli kwamba tairi nene huwa zito kidogo kulisukuma, kwa kuwa mpira mwingi hutaka nguvu nyingi kuupinda. Mtu asiyebeba kitu, apitaye lami tupu, aweza kuchagua jembamba zaidi. Lakini apitaye penye changarawe na miiba ya migunga, akiwa na mzigo, atashukuru kwa kila milimita.

Basi, mabibi na mabwana, haya ndiyo ninayowaomba myachukue. Kila Jumapili jioni, au siku yoyote mtakayoichagua, igeuzeni baisikeli juu chini, zungusheni magurudumu polepole, na mtazame unyayo pande zote. Ondoeni vigae na miiba iliyonasa kabla haijafika ndani. Tieni hewa ya kutosha. Andikeni ukutani siku mliyonunua tairi. Kazi hiyo haichukui robo saa, wala haitaki fundi.

Na tairi likiisha kabisa, msilionee huruma. Mpira wake wa ndani utafunga mizigo juu ya keria kwa miaka mingi, na watoto watapata manati. Lakini lisirudi tena barabarani, kwa kuwa limekwisha kuwapa yote liliyokuwa nayo.